Mlo Kwenye Mizani: Wanaochunguza Chakula na Saratani, kutoka Mulago hadi Mwambao wa Tanga

Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Moa iliyo jirani na mpaka wa Kenya hadi Pangani na kusini zaidi, ni jambo la kawaida kusikia kwamba mwanamume anayependa kunywa madafu hujitafutia busha, na dai hilo limeenea hadi bara, ambako anayesafiri kwenda pwani huonywa mapema ajihadhari na minazi. Dai hili halikuzuka hivi hivi, kwa kuwa ni kweli kwamba pwani kuna minazi mingi, na ni kweli vilevile kwamba pwani, kwa miaka mingi, palikuwa na wanaume wenye mabusha wengi kuliko sehemu nyingi za bara. Kosa limo katika kuziunganisha kweli hizo mbili. Mabusha mengi ya pwani hutokana na minyoo ya filaria, ambayo huenezwa na mbu na ndiyo hiyohiyo iletayo matende, nao mbu hao hustawi katika joto na unyevu uleule unaoustawisha mnazi. Dafu na busha hukaa mtaa mmoja, lakini kimoja hakikumzaa mwenzake.

Kuyatenganisha mambo yanayokaa pamoja na mambo yanayosababishana ndiyo kazi ya epidemiolojia, yaani elimu inayoyachunguza maradhi katika makundi ya watu badala ya kumtazama mgonjwa mmoja mmoja, ikiuliza ni nani wanaougua, wapi, wakati gani, na wanatofautiana vipi na wasiougua. Tawi lake linaloshughulikia vyakula huitwa epidemiolojia ya lishe, na pale tawi hilo linapokutana na saratani ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko pengine popote katika sayansi ya afya ya jamii. Saratani, ambayo ni hali ya chembe za mwili kukua na kuenea bila kutii mpangilio wa kawaida, huweza kuchukua miaka kumi, ishirini au hata arobaini kujengeka kabla haijaonekana, na kwa hiyo chakula kinachotafutwa ni kile kilicholiwa zamani sana. Zaidi ya hayo, mvutaji wa sigara anajua anavuta ngapi kwa siku, ilhali aliyekula wali wa nazi jana usiku hajui ni gramu ngapi za mafuta zilizopita kooni mwake, wala hana sababu ya kujua. Kisha kuna lile jambo la tatu, linaloambatana na chakula kwa upande mmoja na ugonjwa kwa upande mwingine na kuwafanya watu waone uhusiano usiokuwapo, ambalo hapa litaitwa kivurugi. Katika hadithi ya dafu na busha, hali ya hewa ya pwani ndiyo kivurugi.

Si watu wengi wanaokumbuka kwamba Afrika Mashariki imo katika chimbuko la taaluma hii, wala kwamba mmoja wa watu wake mashuhuri alianza kwa kuchunguza mabusha. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Enniskillen huko Ireland mwaka 1911 na ambaye alipoteza jicho moja angali mtoto, aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Uganda mwaka 1946 na kupangiwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko aligundua kwamba wanaume wa mashariki ya wilaya walikuwa na mabusha kwa wingi mno kuliko wenzao wa magharibi, akaichora tofauti hiyo na kuichapisha katika jarida la Lancet mwaka 1951. Hakuwa na maabara ya maana wala fedha za utafiti. Alikuwa na wagonjwa, ramani, na tabia ya kuuliza kwa nini hapa pawe hivi na pale pawe vingine, na tabia hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwanaepidemiolojia hata kabla hajajiita kwa jina hilo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto aliyekuwa na uvimbe katika pande zote za taya zake, na muda mfupi baadaye Burkitt akamwona mwingine wa namna hiyohiyo Jinja. Alipekua kumbukumbu za hospitali, akachapisha maelezo ya kwanza mwaka 1958, na wanapatholojia wa Mulago wakaonyesha kwamba uvimbe huo ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na kinga ya mwili. Oktoba 1961, akiwa na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Clifford Nelson, aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, nao kwa muda wa majuma kumi hivi walisafiri karibu kilomita 16,000 wakipita hospitali zaidi ya hamsini mashariki na kusini mwa Afrika, wakiwaonyesha madaktari picha na kuwauliza swali moja tu, kama waliwahi kuwaona watoto wa namna hii.

Majibu yalijipanga kwenye ramani kwa namna ya kushangaza. Ugonjwa ulionekana kandokando ya maziwa, katika mabonde na katika nyanda za chini za pwani, lakini haukuonekana katika miinuko yenye baridi, na kadiri msafiri alivyoelekea kusini ndivyo mpaka wa mwinuko ulivyoshuka. Alexander Haddow, aliyekuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe, aliona kwamba mpaka huo haukuwa wa mwinuko bali wa joto, na mvua nayo ikaingizwa katika hesabu. Joto na mvua vilielekeza kwenye mbu, na mbu wakaelekeza kwenye malaria. Burkitt alibainisha baadaye kwamba ugonjwa ulikuwa nadra Unguja na Pemba, visiwa ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, ilhali hali ya hewa yake haitofautiani sana na ya bara mkabala. Wakati huohuo Anthony Epstein, aliyemsikiliza Burkitt akihutubia London mwaka 1961, aliomba vipande vya uvimbe vitumwe kwake kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kuona ndani yake kirusi kinachoitwa leo Epstein-Barr, ambacho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hicho kimo katika watu wengi duniani bila kuwadhuru. Inaelekea kwamba malaria ya mara kwa mara utotoni ndiyo inayokifungulia njia, na kuanzia mwaka 1977 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliendesha mpango wa kuwapa watoto klorokwini huko Mara, Tanzania, ili kuona kama saratani hiyo ingepungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, na watafiti waliandika hivyo bila kuficha. Kazi hiyo haijaisha hadi leo. Kati ya miaka ya 2010 na 2016 utafiti mkubwa juu ya ugonjwa huo uliendeshwa katika maeneo ya Uganda, Kenya na Tanzania chini ya Sam Mbulaiteye, Mganda aliyesomea Makerere na kufanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani.

Chakula kiliingia katika maisha ya Burkitt baada ya kuondoka Uganda mwaka 1966. Daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Peter Cleave, alimshawishi kwamba maradhi mengi ya Ulaya yalitokana na sukari na unga uliokobolewa, na Burkitt, ambaye alikuwa na mtandao wa hospitali za misheni zilizozoea kujibu barua zake, akaanza kuziandikia zimtumie hesabu za maradhi kila mwezi. Hospitali za Afrika vijijini zilimjibu kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwao. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter, alichapisha vipimo ambavyo wasomaji wengine wa Lancet yamkini walivisoma kwa kukunja uso: chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa takriban saa 36, na choo chao cha siku kilikuwa na uzito wa wastani wa gramu 470, ilhali kwa Waingereza waliopimwa chakula kilichukua zaidi ya saa 80 na choo kilikuwa gramu 104. Tofauti, kwa maoni yake, ilitokana na makapi-mlo, yaani nyuzinyuzi za mimea ambazo tumbo haliwezi kuziyeyusha, na ambazo hukipa choo wingi na kukiharakisha kutoka, hivyo kuupunguzia utumbo muda wa kugusana na vitu vyenye madhara.

Hoja hii ilimpa umaarufu duniani, na watu wa Ulaya na Marekani wakarudia kula pumba walizokuwa wakiwapa kuku. Hata hivyo ni vema kusema wazi kwamba kwa kipimo cha kitaaluma ushahidi wake haukuwa na nguvu sana. Burkitt alilinganisha nchi na nchi, na kati ya mwanakijiji wa Uganda na Mwingereza aliyepimwa hakuna tofauti ya unga peke yake: kuna nyama, pombe, uzito wa mwili, kazi ya jembe, umri wa kuishi, na hata uwezekano wa mgonjwa kufika hospitali na kupimwa. Mtu aliyefuatilia hadithi ya dafu na busha atatambua mara moja udhaifu ulipo. Ramani humwonyesha mtafiti mahali pa kuuliza. Jibu lenyewe huhitaji kitu kingine, na kitu hicho ndicho kilichojengwa na mtu wa pili katika makala haya.

Walter Willett alizaliwa Hart, katika jimbo la Michigan, mwaka 1945, katika ukoo uliofuga ng'ombe wa maziwa kwa vizazi kadhaa, na alipokuwa chuoni alilima mboga na kuziuza ili kujilipia ada. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1970 alikuja Dar es Salaam kufundisha afya ya jamii katika Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Muhimbili, kitivo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Zilikuwa zama za vijiji vya ujamaa, ambapo zahanati zilienezwa vijijini na daktari alitarajiwa kuifikiria jamii nzima kabla ya kitanda cha hospitali. Akiwa huko alishirikiana na Wenceslaus Kilama, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Charles Kihamia, katika utafiti juu ya minyoo ya tumbo na ukuaji wa watoto. Watoto 341 ambao hawajafika umri wa kwenda shule waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu na wengine kidonge kisicho na dawa, wala aliyetoa hakujua ametoa kipi. Baada ya mwaka mmoja waliopata dawa walikuwa wameongezeka uzito kwa kiasi cha asilimia 8 zaidi ya wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979.

Kugawanya watu kwa kura namna hiyo, ambako huitwa jaribio la nasibu, ndiyo dawa kali kuliko zote dhidi ya kivurugi, kwa sababu kura haichagui tajiri wala maskini, wala mlevi wala mswalihina. Tatizo ni kwamba haiwezekani kuwapigia kura watu wazima maelfu, kuwaamuru hawa wale nyama na wale wasile, kisha kungoja miaka thelathini kuona nani atapata saratani. Palipo na jambo lisilowezekana kulijaribu, mtafiti hulazimika kuwafuata watu wanaoishi maisha yao ya kawaida, kuwauliza mapema wanakula nini, na kusubiri.

Kundi la kusubiriwa lilikuwapo tayari. Mwaka 1976 Frank Speizer wa Harvard alikuwa ameandikisha wauguzi wanawake 121,700 nchini Marekani, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 55, ili kuchunguza madhara ya vidonge vya uzazi wa mpango, nao walijaza fomu na kuirudisha kwa posta kila baada ya miaka miwili. Walichaguliwa wauguzi kwa sababu wanaelewa majina ya maradhi na hawaoni haya kuyaandika. Willett, aliyekuwa amerudi Harvard kwa shahada ya uzamivu aliyoipata mwaka 1980, alisisitiza kwamba waulizwe pia kuhusu chakula, na mwaka huohuo wakatumiwa dodoso la vyakula 61, kila kimoja kikiulizwa kama huliwa kila siku, mara kadhaa kwa juma, kwa mwezi, au hakiliwi kabisa.

Wapo waliocheka. Nani anaweza kukumbuka amekula karoti mara ngapi kwa mwaka? Swali hilo lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo pengine mchango mkubwa kuliko yote wa Willett, ingawa halina mvuto wa kuandikwa magazetini. Wauguzi 173 wa eneo la Boston walikubali kupima kwa mizani kila walichokula kwa majuma manne yaliyotawanywa ndani ya mwaka mmoja, kisha majibu yao ya dodoso yakalinganishwa na yale yaliyopimwa. Dodoso halikuwa sahihi kabisa, lakini lilitosha kumtenga mlaji mkubwa na mlaji mdogo, na hilo ndilo linalohitajika. Katika miaka ya 1982 na 1983 wauguzi wapatao 68,000 walituma pia kucha za vidole vya miguu yao, kwa kuwa ukucha huhifadhi madini kama seleniamu kwa miezi mingi na hauwezi kudanganya kama kumbukumbu. Mwaka 1990 Willett aliyakusanya mafunzo hayo katika kitabu cha kufundishia, Nutritional Epidemiology, na kuanzia 1991 aliiongoza idara ya lishe ya shule ya afya ya jamii ya Harvard kwa muda wa robo karne hivi.

Matokeo yalipoanza kutoka, yaliangusha mambo yaliyoaminiwa. Ilidhaniwa kwamba mafuta katika chakula ndiyo yanayoleta saratani ya matiti, kwa kuwa nchi zinazokula mafuta mengi ndizo zenye saratani hiyo kwa wingi. Mwaka 1987, baada ya kuwafuata wauguzi 89,538 kwa miaka minne, ambapo 601 kati yao walipata saratani ya matiti, kundi la Willett lilitangaza kwamba waliokula mafuta mengi hawakuugua zaidi ya waliokula kidogo. Pombe, hata kwa kiasi cha wastani, ilionekana kuongeza hatari, na baadaye ikathibitika kwamba unene wa mwili baada ya ukomo wa hedhi huiongeza pia. Mwaka 1990 nyama nyekundu ilihusishwa na saratani ya utumbo mpana, na miaka 25 baadaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama zilizosindikwa, kama vile soseji, katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, na nyama nyekundu katika daraja la vile vinavyoelekea kuisababisha.

Ikafika zamu ya Burkitt. Mwaka 1999 watafiti wa kundi hilohilo walitazama wauguzi 88,757 waliofuatiliwa kwa miaka 16 na hawakuona kwamba makapi-mlo yaliwakinga na saratani ya utumbo mpana. Burkitt alikuwa amefariki mwaka 1993, hivyo hakuisoma habari hiyo. Lakini mwaka 2003 utafiti wa nchi kumi za Ulaya, wenye watu zaidi ya 500,000, ulitoa jibu la kinyume: waliokula makapi-mlo kwa wingi walikuwa na hatari pungufu kwa takriban robo. Inawezekana kwamba Wamarekani wote hula nyuzinyuzi chache mno kiasi kwamba aliye juu na aliye chini hawatofautiani vya kutosha, na ukimlinganisha maskini na maskini mwenzake huwezi kuona faida ya utajiri. Leo wataalamu wengi huelekea upande wa Burkitt, hasa kuhusu nafaka zisizokobolewa, na sababu inayotolewa imebadilika kidogo: bakteria wa utumboni huzichachusha nyuzinyuzi na kutengeneza asidi ya butiriki, inayolisha na kulinda utando wa utumbo. Kwa hiyo mpasuaji aliyekuwa na ushahidi dhaifu alikuwa karibu na ukweli, na watafiti waliokuwa na kundi kubwa na hesabu safi walipata jibu la muda. Msomaji anayetaka taaluma yenye kutoa majibu ya mara moja hataipenda hii.

Kwa Mtanzania suala la nyuzinyuzi si la pumba za kununua dukani. Ni la dona na sembe. Dona husagwa pamoja na ganda na kiini cha hindi, sembe hukobolewa kwanza, na katika miaka hamsini iliyopita mashine za kukoboa zimeifanya sembe kuwa unga wa heshima, hata dona kuonekana chakula cha shule na jela. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika Kilimanjaro, ambapo watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi wakiwamo Godfrey Temba, pamoja na wenzao wa Uholanzi, waliwabadilishia mlo vijana wanaume kwa majuma mawili: waliozoea chakula cha asili cha kijijini wakala cha kizungu, na wa mjini wakala cha asili, na wengine wakinywa mbege kwa juma moja. Washiriki wote walikuwa 77. Damu ya waliohamia mlo wa kizungu ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka, na ya waliohamia mlo wa asili zikapungua. Hilo si saratani, wala majuma mawili si miaka thelathini, lakini ni mara chache Watanzania kuwa wao ndio wanaopimwa badala ya kusomewa vipimo vya wengine.

Kazi nyingine za Afrika Mashariki zinaonyesha kwamba hatari za mlo wa hapa si zile za Boston. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Peers na Allen Linsell walikusanya vyakula vilivyokwisha kupikwa kutoka majumbani Murang'a, Kenya, wakavipima sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Waligundua kwamba kadiri mtu alivyoshuka kutoka miinuko ya baridi kwenda nyanda za chini zenye joto ndivyo sumukuvu ilivyozidi katika chakula na ndivyo saratani ya ini ilivyozidi katika rejista. Sumu hiyo ikimkuta mtu mwenye homa ya ini aina ya B, madhara huzidiana. Kwa wingi huua hata bila kungoja saratani, kama ilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016, ambako watu 20 walikufa. Katika Kilimanjaro, ambako saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, ni tatizo kubwa kama ilivyo katika ukanda mzima kutoka Ethiopia hadi Malawi, watafiti walipima joto la chai wakati wa kunywa na kukuta wastani wa takriban nyuzi 70 za Selsiasi, nao vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 viliwekwa mwaka 2016 katika daraja la vile vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Dodoso lililotungwa Boston lisingeuliza kama chai ni ya moto kiasi gani.

Dar es Salaam nayo iliendelea kuwa kituo. Mwaka 1995 Wafaie Fawzi, mtaalamu kutoka Sudan aliyeko Harvard, na Gernard Msamanga wa Muhimbili walianza jaribio la vitamini kwa wajawazito zaidi ya 1,000 wenye virusi vya Ukimwi, na Willett alikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti ya mwaka 1998. Vitamini za kundi B, C na E zilipunguza vifo vya mimba kwa asilimia 39 na watoto wenye uzito pungufu kwa asilimia 44, ilhali vitamini A peke yake haikusaidia, na baadaye ilionekana kuongeza uambukizo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Ushirikiano huo ulizaa kitu kinachoonekana kidogo lakini chenye thamani kubwa: jedwali la virutubisho vya vyakula vya Tanzania, lililotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, ambalo bila hilo jibu la mtu kwamba hula kisamvu mara tatu kwa juma haliwezi kugeuzwa kuwa miligramu za chochote. Dodoso la vyakula lililopimwa usahihi wake kwa wakazi wa Dar es Salaam nalo limefuata.

Kijana wa Mkinga, wilaya iliyo na Moa, anayeitaka taaluma hii leo hana haja ya kuianzia ng'ambo. Anaweza kusomea udaktari, lishe au takwimu, akafanya shahada ya uzamili ya afya ya jamii Muhimbili au Moshi, akapita katika taasisi ya utafiti kama kituo cha Amani kilichoko Muheza, na baadaye akaingia katika uzamivu ambao kwa kawaida humfunga miaka minne au zaidi katika kutunga maswali, kuyajaribu na kusafisha takwimu. Sehemu kubwa ya maisha yake itakuwa kuandika maombi ya fedha, kwa kuwa kundi la kufuatiliwa haliishi bila mishahara ya wahoji na nauli za pikipiki, na wafadhili wengi hutoa fedha za miaka mitano kwa swali linalohitaji ishirini. Itambidi pia azoee kuchapisha matokeo yanayopinga yale aliyoyachapisha mwenyewe.

Moa ingempa maswali ambayo hayajawahi kuwekwa katika dodoso lolote la Boston. Mlo wa huko una bada la muhogo, wali na mboga za nazi, samaki wabichi na ng'onda waliokaushwa juani, maembe kwa msimu, na vitumbua vya mafuta asubuhi. Kuna tambuu, ambayo popoo yake iliwekwa mwaka 2004 katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya kinywa, hata bila tumbaku. Kuna mwezi wa Ramadhani, ambapo ratiba na aina za chakula hubadilika kwa siku 29 au 30, hivyo anayeulizwa baada ya Idi hawezi kujibu kama aliyeulizwa Rajabu. Tena kuna sinia. Watu watano au sita wakila kutoka sinia moja, mizani ya wauguzi wa Boston haisaidii, na mtafiti hulazimika kupima chungu kabla na baada, kisha kumkadiria kila mlaji fungu lake, huku akijua kwamba mgeni amesogezewa minofu ya samaki na watoto wameachiwa mchuzi.

Upande wa pili wa hesabu ni kujua ni nani aliyeugua. Mgonjwa wa Moa mwenye uvimbe anaweza kupita zahanati, akapelekwa hospitali ya Bombo mjini Tanga, na kutoka hapo akaelekezwa KCMC Moshi au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambako hufikia kwa ndugu wa Temeke au Magomeni na kutoa anwani ya hapo anapofikia. Karani akiandika Temeke, saratani hiyo huhesabiwa Temeke, na kijiji alicholelewa na kula kwa miaka hamsini hubaki bila ugonjwa katika vitabu. Rejista ya saratani inayofaa kwa epidemiolojia ya lishe ni ile inayouliza maswali mawili tofauti, mgonjwa anafikia wapi sasa, na ameishi wapi kabla hajaugua.